Ibn Sina na Swali la Jiwe Lililorushwa



Yapo madai yanayorudiwa sana katika mihadhara yetu ya vyuoni: kwamba kanuni ya kwanza ya mwendo, ile inayofundishwa kwa jina la Newton, iligunduliwa na Ibn Sina zaidi ya miaka 600 kabla yake. Msemaji huyataja, ukumbi huitikia kwa takbira, na mambo huishia hapo. Siku mwanafunzi wa fizikia anapouliza ni wapi Ibn Sina alisema hivyo na kwa maana gani, wengi wetu hatuna la kujibu. Makala haya yanasimulia maisha ya mwanachuoni huyo, kisha yanaeleza alichokisema hasa kuhusu kani na mwendo. Wako miongoni mwetu wanaosomea ualimu, na mwakani watasimama mbele ya watoto wa sekondari ya chini kuwafundisha somo hilihili. Hao hasa ndio wanaohitaji kulijua jambo hili kwa usahihi wake.

Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina. Alizaliwa mwezi wa Safar mwaka 370 Hijria, sawa na mwaka 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko ndani ya nchi ya Uzbekistan. Baba yake, Abdallah, alikuwa mtu wa Balkh aliyehamia Bukhara zama za utawala wa Wasamani, akapewa kazi ya kusimamia wilaya moja ya jirani. Mama yake, Sitara, alikuwa mwenyeji wa Afshana. Baadaye familia ilihamia Bukhara mjini ili watoto wapate walimu.

Alipofika umri wa miaka kumi alikuwa amekwishahifadhi Qur'ani na sehemu kubwa ya fasihi ya Kiarabu. Hesabu za Kihindi, yaani zile tarakimu tunazozitumia mpaka leo, baba yake alimpeleka akajifunze kwa muuza mboga wa sokoni aliyezijua vizuri. Fiqhi aliisoma kwa Ismail al-Zahid. Kisha akaja Bukhara mtu aliyeitwa Abu Abdallah al-Natili, akakaribishwa nyumbani kwao ili amfundishe mtoto mantiki na jiometri. Haikuchukua muda mwanafunzi akawa ndiye anayemfafanulia mwalimu. Al-Natili alipoondoka, kijana aliendelea kusoma peke yake, akaingia pia katika tiba. Kufikia miaka kumi na sita, matabibu walikuwa wakija kusoma kwake.

Usifikiri, ndugu msomaji, kwamba kila kitu kilikuwa rahisi kwake. Mwenyewe amesimulia habari za ujana wake, nasi tunajua kutoka kwake kwamba alipokwama katika swali alikwenda msikitini, akaswali na kumuomba Mwenyezi Mungu amfungulie, kisha akarudi nyumbani na kuwasha taa kuendelea kusoma. Kitabu cha Aristotle cha metafizikia alikisoma mara arobaini mpaka akakihifadhi, na bado hakukielewa. Akakata tamaa nacho. Siku moja alasiri, katika soko la vitabu, dalali alimbembeleza anunue kitabu kimoja kwa dirhamu tatu tu kwa kuwa mwenyewe alikuwa na shida ya fedha. Kilikuwa kitabu cha al-Farabi kinachoeleza makusudio ya kitabu kile cha Aristotle. Alikisoma usiku uleule, mafumbo yakafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini kumshukuru Mola wake.

Sifa zake za utabibu zilimfikisha kwa mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, aliyekuwa mgonjwa. Alishiriki kumtibu, naye akaomba ruhusa ya kuingia katika maktaba ya kifalme. Huko alikuta vyumba vilivyojaa masanduku ya vitabu, kila fani na chumba chake. Alipofikisha miaka kumi na minane alikuwa amemaliza elimu zote zilizosomwa wakati ule.

Katika ujana huohuo palitokea mjadala wa barua kati yake na Abu Rayhan al-Biruni wa Khwarazm, aliyemzidi umri kwa miaka michache. Al-Biruni alimpelekea maswali kumi na manane juu ya fizikia na mafundisho ya Aristotle kuhusu mbingu. Kwa nini barafu inaelea juu ya maji? Kama hakuna ombwe, mbona chupa iliyofyonzwa hewa kisha ikapinduliwa juu ya maji huyavuta maji yapande ndani? Je, ni kweli kwamba sayari na nyota hazina uzito wala wepesi? Ibn Sina alimtetea Aristotle katika mengi. Al-Biruni hakuridhika, akarudisha hoja kwa maneno makali. Mwishowe mwanafunzi wa Ibn Sina, al-Ma'sumi, ndiye aliyeendelea kujibu. Tuzingatie jambo moja hapa. Wawili hawa walikuwa Waislamu, wote walikuwa wakubwa katika elimu, na walipingana waziwazi juu ya maumbile. Hakuna aliyedhani kwamba kumpinga mwenzake katika suala la barafu ni kuivunja dini.

Baada ya hapo maisha yake hayakutulia tena. Dola ya Wasamani ilianguka mwaka 999. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kama ishirini na miwili. Aliondoka Bukhara akaenda Gurganj huko Khwarazm, na kutoka huko akazunguka mji hadi mji mpaka Jurjan, karibu na bahari ya Kaspi, akitarajia kupokewa na amiri Qabus. Alipofika alikuta Qabus amekwishaondolewa madarakani na kufariki. Lakini Jurjan ndiko alikokutana na Abu Ubayd al-Juzjani, mwanafunzi aliyeambatana naye hadi mwisho wa uhai wake na aliyetuachia sehemu kubwa ya habari tunazozijua juu yake. Huko pia alianza kuandika al-Qanun fi al-Tibb, kitabu cha tiba ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne kadhaa.

Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, kisha Hamadan, ambako alimtibu amiri Shams al-Dawla ugonjwa wa msokoto wa tumbo, na amiri akamfanya waziri. Askari hawakumtaka. Waliizunguka nyumba yake, wakapora vitu vyake, wakamkamata na kumtaka amiri amuue. Amiri alikataa kumuua ila alimwondoa kazini. Ibn Sina alijificha siku arobaini katika nyumba ya rafiki. Ugonjwa ulipomrudia Shams al-Dawla, alimtafuta tena, akamuomba radhi na kumrudishia uwaziri.

Ni katika Hamadan hiyo, katikati ya misukosuko hiyo, ndipo al-Juzjani alipomuomba afafanue vitabu vya Aristotle. Alijibu kwamba hana nafasi ya kufanya sherehe ya kila neno, ila ataandika kitabu chake mwenyewe cha yale aliyoyaona kuwa sahihi. Kitabu hicho ni al-Shifa, maana yake uponyaji, nacho si cha tiba kama jina linavyowadanganya wengi. Ni kitabu cha mantiki, hisabati, elimu ya maumbile na metafizikia. Alianza na elimu ya maumbile. Mchana alifanya kazi ya serikali, usiku wanafunzi walikusanyika kwake, mmoja akisoma al-Shifa na mwingine al-Qanun.

Shams al-Dawla alipofariki, Ibn Sina hakutaka kuendelea na uwaziri chini ya mwanawe. Alijificha nyumbani kwa attari mmoja. Katika maficho hayo, bila kitabu cha kurejea, aliandika kwa siku mbili vichwa vya masuala yote makuu, kisha akavieleza kimoja baada ya kingine, akiandika kurasa hamsini kwa siku. Sehemu kubwa ya elimu ya maumbile ya al-Shifa, ambamo mna mlango wa kani na mwendo, ilikamilishwa na mtu aliyekuwa akitafutwa na serikali. Baadaye alipatikana, akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Humo gerezani pia aliandika, na mojawapo ya vitabu vya gerezani kilihusu ugonjwa wa msokoto wa tumbo, ugonjwa ambao miaka mingi baadaye ndio uliomuua.

Sasa tuje kwenye jiwe.

Aristotle alifundisha kwamba kila kinachokwenda kina kinachokisukuma. Gari la ng'ombe huenda kwa kuwa ng'ombe analivuta. Akisimama, nalo husimama. Hili linaonekana sawa mpaka unaporusha jiwe. Likiisha kutoka mkononi, mkono haulisukumi tena, lakini linaendelea kwenda. Nani analisukuma? Jibu la Aristotle lilikuwa hewa: mkono hulisukuma jiwe pamoja na hewa iliyo kando yake, na hewa hiyo ndiyo inayoendelea kulibeba. Katika karne ya 6, Yahya al-Nahwi wa Iskandaria, Mkristo anayejulikana Ulaya kwa jina la Philoponus, alilipinga jibu hilo. Kama hewa ndiyo inayosukuma, basi ingetosha kuipepea hewa nyuma ya jiwe nalo lingekwenda. Yeye alisema mkono hutia nguvu ndani ya jiwe lenyewe, na nguvu hiyo hupungua yenyewe mpaka ikaisha.

Ibn Sina alizipima kauli zote hizi, akalichukua neno mayl, yaani mwelekeo au mvuto wa kwenda upande fulani. Wanazuoni wa mila hii waliieleza mayl kwa mambo ambayo mkono unayahisi. Shika jiwe hewani: halianguki, lakini unalihisi likikandamiza kiganja. Zamisha kiriba kilichojazwa hewa ndani ya maji na ukizuie: hakipandi, lakini unakihisi kikikusukuma kuelekea juu. Huo msukumo unaouhisi hata kabla kitu hakijaanza kwenda ndio mayl. Jiwe linaporushwa, mrushaji hulipa mayl ya kulazimishwa, na kwa hiyo linaendelea baada ya kuachiwa.

Hapo ndipo Ibn Sina alipoachana na Yahya al-Nahwi. Alisema mayl hiyo haiishi yenyewe. Huondolewa na kitu cha nje: hewa inayopinga njiani, na uzito wa jiwe unaolivuta chini. Kwa hiyo, kama jiwe lingerushwa mahali pasipo na kitu chochote, katika ombwe tupu, lisingekuwa na sababu ya kusimama.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya watu waseme Newton alitanguliwa. Ni sentensi nzito, na fahari yake ni ya haki. Lakini tuisome hadi mwisho wake. Ibn Sina hakuitumia kusema kwamba mambo ndivyo yalivyo. Aliitumia kukanusha ombwe: kwa kuwa hatuoni kitu kinachokwenda bila kikomo, basi mahali patupu hapawezi kuwapo. Tena, kwake yeye jiwe linalokwenda lina kitu ndani yake kinachofanya liende. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alisema jambo jingine: mwendo ulionyooka usiobadilika hauhitaji kitu chochote cha kuuendesha, si nje wala ndani, kinachohitaji kani ni badiliko la mwendo. Kati ya kauli hizi mbili kuna safari ndefu. Katika karne ya 12, Abu al-Barakat al-Baghdadi, aliyezaliwa Myahudi akasilimu uzeeni, alieleza kwa mayl kwa nini kitu kinachoanguka huzidi kasi: uzito wake huongeza mayl juu ya mayl wakati kinashuka. Katika karne ya 14, Jean Buridan wa Paris alifundisha wazo linalofanana na la Ibn Sina. Galileo alipima mwendo kwa mipira na mbao zilizoinamishwa, akachapisha matokeo mwaka 1638. Ibn Sina ni hatua mojawapo kubwa katika safari hiyo. Hakuwa mwisho wake, na hapungukiwi na kitu kwa kutokuwa mwisho.

Baada ya kutoka gerezani alitoroka Hamadan akiwa amevaa nguo za masufi, pamoja na ndugu yake, al-Juzjani na watumishi wawili, wakafika Isfahan. Huko amiri Ala al-Dawla alimpokea kwa heshima, na alipata miaka zaidi ya kumi ya utulivu wa kadiri. Aliikamilisha al-Shifa huko. Hata hivyo, jeshi la Mas'ud wa Ghazna lilipouvamia mji mwaka 1030, mali yake iliporwa, na kitabu chake kikubwa kiitwacho al-Insaf kikapotea humo.

Al-Juzjani, pamoja na mapenzi yake kwa ustadhi wake, hakuficha udhaifu wake. Ametaja unywaji na kupenda anasa, na kwamba hayo yalimharibia afya. Imam al-Ghazali, aliyezaliwa baada yake, aliwakosoa wanafalsafa, Ibn Sina akiwa mbele yao, kwa kauli zao katika masuala mazito ya itikadi. Mwanafunzi Muislamu anapaswa kuyajua hayo pia. Tunaweza kuchukua elimu ya mtu juu ya jiwe na mwendo wake bila kumfanya kiigizo katika kila jambo, na tunaweza kumkosoa katika itikadi bila kuitupa fizikia yake. Al-Ghazali mwenyewe alionya dhidi ya anayepinga hesabu na falaki zilizothibitishwa akidhani anaitetea dini.

Ugonjwa wa msokoto wa tumbo ulimshika akiwa safarini na Ala al-Dawla. Alijitibu kwa haraka kupita kiasi, akazidi kudhoofika. Alipoona nguvu za mwili zimekwisha, aliacha dawa. Imesimuliwa kwamba alitubu, akatoa mali yake sadaka, akawaacha huru watumwa wake, na akawa akihitimu Qur'ani kila siku tatu. Alifariki Hamadan katika Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, sawa na mwaka 1037, na kaburi lake liko huko hadi leo.

Kwa ndugu zetu wanaokwenda kufundisha, maisha haya yana faida ya karibu sana. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anayeingia darasani kwako haingii akiwa mtupu. Anaingia na Aristotle kichwani bila kumjua. Ameona mkokoteni unasimama anayeusukuma akichoka, na ameona baiskeli inasimama asipokanyaga pedeli. Ukimwandikia ubaoni kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda, ataikariri kanuni kwa ajili ya mtihani na kuendelea kuamini alichokiona barabarani. Wala si mjinga. Watu wenye akili kubwa waliamini hivyo karibu miaka elfu mbili.

Basi mfuatishe njia ileile waliyoipita wanazuoni. Rusha jiwe uwanjani, umuulize nani analisukuma baada ya kutoka mkononi, na uwe na subira ya kusikia majibu. Mpe mpira auzamishe ndani ya ndoo ya maji, ahisi kani kabla hajafundishwa jina lake. Viringisha mpira uleule kwa nguvu ileile juu ya nyasi, juu ya udongo ulioshindiliwa, kisha juu ya sakafu ya saruji. Atauona ukienda mbali zaidi kila msuguano unapopungua. Ndipo umuulize swali la Ibn Sina: kama pasingekuwa na nyasi, wala sakafu, wala hewa, ungesimama wapi, na ungesimamishwa na nini? Akilifikia jibu kwa akili yake, kanuni ya Newton ataipokea kama kitu alichokuwa akikitafuta. Mwishoni mweleze kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa na Muislamu wa Bukhara, aliyeandika usiku baada ya kazi na mchana akiwa mafichoni. Mweleze alipofika, na mweleze alipoishia. Mtoto akijua kwamba palibaki kazi baada ya Ibn Sina, atajua pia kwamba huenda imebaki kazi kwa ajili yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na kujifakharisha kwa tusiyoyajua.

Wabillahi tawfiq.